Kompyuta za Mama Bata zakataa kustaafu

Saa moja asubuhi, mlango wa chuma umeinuliwa nusu, kiasi cha mtu kuingia akiwa ameinama. Ndani hakuna mteja. Yupo mwanamke mmoja tu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, amekaa juu ya stuli anacheza mpira kwenye kompyuta. Timu yake imeshafungwa mabao matano na yeye wala hana habari.

Analiacha pambano kabla halijaisha, anasogeza stuli hadi mashine ya pili na kuanza upya. Safari hii anachagua uwanja wenye mvua. Anapiga mpira nje kwa makusudi. Anapiga kona. Anamkwatua mchezaji wa timu pinzani, kisha anatulia kumsubiri mwamuzi aje na kadi yake. Akishaiona, anahamia mashine ya tatu.

Mpita njia akichungulia anaweza kudhani ni mama aliyekimbia vyombo nyumbani. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe.

"Napasha moto," anasema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Gemu kama ni kujikwaa, lijikwae na mimi. Mteja akija alikute limeshaijua njia."

Mtaa mzima unamwita Mama Bata, ingawa hajawahi kufuga hata kuku. Jina limetokana na picha iliyochorwa ukutani, kando ya mlango. Ni pengwini, nembo ya Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye kompyuta zake zote. Mchora mabango aliyepewa kazi hiyo hakuwa amewahi kumwona pengwini, akachora alichokielewa. Watoto wakasema ni bata, wakubwa wakaitikia, na ukumbi ukaitwa Kwa Bata.

"Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha," anasema. "Nikaona nitamaliza sauti bure. Bata ni bata. Muhimu wajue pa kuja."

Mashine zake ni nane, na hakuna mbili zinazofanana. Nyingine ni nene kama sanduku la nguo, nyingine nyembamba, moja imefungwa ubavuni kwa utepe mweusi. Zote zilitoka maofisini zikiwa zimeshachokwa. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga chapa katika mojawapo ya ofisi hizo. Ofisi iliponunua kompyuta mpya na kupunguza watu, aliondoka na tatu za zamani badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake.

Alianza kwa kuchapa barua za maombi ya kazi. Vijana waliokuja kuchapisha wakaanza kuuliza kama kuna gemu. Akaweka moja, kisha mbili, na baada ya muda barua zikawa ndiyo kazi ya pembeni.

Shida ilikuja taratibu. Mfumo endeshi uliozoeleka ulitoa toleo jipya, na toleo hilo likataka mashine zenye nguvu kuliko zake. La zamani nalo likaachwa bila ulinzi. Wateja wakawa wanaingiza virusi pamoja na nyimbo zao, na wiki haikupita bila mashine mbili kulala. Fundi aliyemwita alizitazama akiwa amesimama, bila hata kufungua begi lake.

"Mama, hizi ni za kuuza kwa kilo," alimwambia.

"Kwa kilo," Mama Bata anarudia hadi leo, kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Kompyuta niliyochapia barua miaka tisa, niipeleke kwenye mizani ya vyuma chakavu?"

Hakuzipeleka. Alikuwa amesikia habari za Linux, mfumo usiotozwa ada na usiochagua mashine kwa umri. Akaanza na ile yenye utepe. Alisoma maelekezo kwa kamusi, akauliza maswali kwenye majukwaa ya mtandaoni, akajibiwa na watu asiowajua ambao, anasema, walikuwa na subira kuliko ndugu zake. Wiki za mwanzo sauti ilikataa kabisa kutoka. "Mtu anafunga bao, uwanja mzima kimya kama msibani."

Sauti ikapatikana. Lakini gemu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mfumo ule mwingine, na ili zikubali kucheza kwenye Linux lazima pawepo programu ya katikati. Mama Bata ana namna yake ya kulieleza jambo hili, na wateja wake wote wanaijua kwa moyo.

"Gemu linaongea lugha yake, mashine inaongea yake. Katikati nimemweka mkalimani. Neno akilisikia mara ya kwanza anasita, anatafuta, ndipo picha inakwamakwama. Akishalijua analiweka kichwani, halimsumbui tena."

Hiyo ndiyo sababu ya stuli ya asubuhi. Kila uwanja, kila mvua, kila kadi ni neno. Mama Bata humfundisha mkalimani kabla watu hawajaamka vizuri.

Hafichi kwamba yapo magemu yanayomkataa mkalimani moja kwa moja, hasa ya kushindana mtandaoni. Mteja akiyaulizia humjibu, "Hilo hapa halichezeki, mwanangu. Vuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi mkubwa wenye mlango wa kioo, kiyoyozi na mashine mpya. Ndiko kejeli zilikokuwa zikitoka.

"Kwa Bata mpira hauchezwi, unaogelea," kijana mmoja alikuwa akisema kila akipita.

"Ukipiga penalti leo, bao linaingia kesho," mwenzake alimalizia.

Mama Bata alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Chumba chenye ukumbi ni cha familia ya mumewe, na kwa kuwa mumewe ni dereva wa lori asiyekaa, anayekisimamia ni shemeji yake, muuza vifaa vya ujenzi. Shemeji alivumilia siku ambazo wateja walikuwa wawili kutwa nzima, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, mimi nakuheshimu kama dada yangu," alimwambia wakiwa sebuleni kwa mama mkwe. "Lakini chumba kiko barabarani kile. Nikiweka saruji, saruji haikwami."

"Ikinyeshewa je?" Mama Bata aliuliza.

"Shemeji, usinichekeshe. Naongea mambo ya maana."

Mwaka huohuo vijana wa mitaa ya jirani walianzisha ligi ya mpira wa kompyuta, wakawa wanatafuta ukumbi wa kuchezea msimu mzima. Katibu wa ligi, dada mmoja mchangamfu anayeuza katika duka la dawa, alifika Kwa Bata kutazama. Akapapenda. Hapakuwa na kelele, mwenye ukumbi hakuwa na maneno mengi, na mashine zilikuwa zinatosha. Wenzake hawakukubali. Wao waliutaka mlango wa kioo. Baada ya mabishano wakaafikiana siku ya ufunguzi ifanyikie Kwa Bata, iwe jaribio.

"Sikufichi, mama," katibu alimwambia. "Wenzangu roho zao ziko ng'ambo. Gemu likikwama mbele ya watu hata mara moja, sitakuwa na la kukutetea."

Shemeji alipopata habari alifurahi, kwa kuwa sasa jambo lilikuwa na mwisho. "Basi iwe hivyo. Ligi ikikaa, chumba ni chako, sitakiulizia tena. Isipokaa, Jumatatu naleta saruji. Mama, umesikia?"

Mama mkwe, aliyekuwa akitafuta uzi uliopotea kwenye mkeka wake wa kushonea, hakuinua uso. "Nimesikia. Mimi sina upande. Ila mkwe wangu akishindwa, nitasikitika kwa sauti, na wewe ndiye utakayenisikiliza."

Ufunguzi ulipangwa Jumamosi saa saba mchana. Ijumaa jioni Mama Bata alifanya kosa ambalo mtu anayeishi na mashine hizi hakupaswa kulifanya. Alizisasisha zote.

Nia ilikuwa njema. Mtu akitarajia wageni hufua hata mapazia ambayo hakuna atakayeyatazama. Alitaka kila kitu kiwe kipya na safi, akaingiza matoleo mapya ya programu, zikiwamo zile zinazoongoza kadi za picha, vifaa vya ndani vinavyochora mchezo kwenye skrini. Akafunga mlango, akaenda kulala usingizi mzito.

Asubuhi alifika na stuli yake kama kawaida. Mpira ulipoanza, mchezaji alikimbia hatua mbili akasimama, akakimbia akasimama. Alidhani ni mashine ile tu. Akajaribu ya pili, nayo ikawa hivyohivyo. Alipofika ya nne alikuwa ameshaelewa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema sasa akitabasamu. "Nilikuwa nimewafukuza wakalimani wangu wote kwa mkono wangu. Walioingia ni hodari zaidi, lakini hawakuwa wanajua hata neno moja."

Yote aliyowafundisha kwa miezi yalikuwa yamefutika. Kurudisha matoleo ya zamani kwa mtandao wake wa kusuasua kungekula siku. Kunakili maarifa ya mashine moja na kuyapeleka nyingine hakukuwezekana pia, kwa sababu kila moja ina kadi ya picha tofauti, na la mmoja halimfai mwenzake. Njia ilibaki moja, kucheza. Viwanja vyote wanavyopenda wateja, hali zote za hewa, kwenye mashine nane, kabla ya saa saba. Mtu mmoja asingemaliza hata mbili.

Alitoka nje. Kinyozi wa jirani alikuwa kibarazani, mteja wake kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Kaka, unajua kucheza mpira?"

"Wa miguu au wa maneno?" kinyozi aliuliza.

"Wa kompyuta."

"Huo sijui kabisa."

"Ndiyo nakutaka hivyohivyo. Njoo, na mteja wako aje. Nywele zitamngoja, hazina pa kwenda."

Fundi cherehani wa duka la pili alikuja na kipimo shingoni. Wakaja majirani wawili waliokuwa wakielekea dukani, na mwenye duka lenyewe akawafuata kuona kilichowakawiza. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mkwe, aliyekuwa ameleta chupa ya chai iliyosahauliwa nyumbani. Alipokuta watu wazima wamejipanga mbele ya skrini, aliuliza kuna nini.

"Mama, kaa hapa, ushike hii," Mama Bata alimwambia akimpa pedi ya kuchezea. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Nifanye nini nayo?"

"Chochote. Leo sitaki mtu ashinde. Nataka mfanye kila kitu kinachofanyika uwanjani. Mfunge, mfungwe, mtoe mpira nje, mpewe kadi."

Kwanza kila mtu alitafuta vidole vyake. Kisha ukumbi ukachemka. Fundi cherehani alifunga bao la kwanza, langoni mwake mwenyewe, akanyanyuka kushangilia. Kinyozi akamweleza kosa lake, naye akajibu kwamba bao ni bao, kipa angezuia. Mama mkwe aligundua kitufe cha kukwatua na hakutaka kingine. Wachezaji wake watatu walitolewa nje kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko.

"Mama, utaishiwa na watu," kinyozi alimwonya.

"Wamenisukuma kwanza. Wewe hukuona kwa sababu unatazama kwako."

Mteja mwenye nusu ya nywele ndiye aliyepotea kabisa. Alikuta kwenye orodha ya viwanja kimoja chenye theluji, kitu ambacho macho yake hayakuwa yamekiona, akakifungua na kukaa akikitazama bila kupiga mpira. Halafu akaanza kuzunguka mashine baada ya mashine, akiwaomba wenzake wampishe kidogo awawekee theluji nao waone. Wengine walimfukuza, akangoja wakainuka, akaweka.

Mama Bata mwenyewe hakuwa na nafasi ya kutazama nani anafanya nini. Alikuwa akipita nyuma ya viti akibadilisha timu, akiwasha mvua, akizima taa za uwanja. Kila alipoiona picha inakwama alishukuru moyoni, maana kilichokwama asubuhi kisingekwama mchana. Saa sita kasorobo alianza kuona jambo alilokuwa akilisubiri. Watu walikuwa wanacheza vibaya vilevile, lakini mpira ulikuwa unateleza.

Saa saba ukumbi ulijaa hadi kibarazani. Vijana wa ng'ambo walikuwa mstari wa mbele, mikono mifukoni. Shemeji alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, kama mtu ambaye hatakaa.

Mapambano manne ya kwanza yalikwenda. Mabao yalifungwa, mvua ilinyesha, mchezaji mmoja akapewa kadi nyekundu na mwamuzi akaitoa mfukoni bila skrini kutetereka. "Hiyo ni ya kwangu," mama mkwe alimnong'oneza fundi cherehani.

Ndipo kijana mmoja wa ng'ambo, yule wa mpira kuogelea, alipokaa kwenye kiti kucheza pambano lake. Alikuwa anapajua Kwa Bata. Alijua watu hapo huchagua viwanja vitatu vinne vilevile siku zote. Akashuka kwenye orodha taratibu, akapita vyote, akasimama kwenye theluji. Akageuka kumtazama mwenye ukumbi.

"Mama, hiki kinaruhusiwa?"

Mama Bata alikitazama kiwanja hicho kwenye skrini. Hicho hakuwa amekigusa. Hata hakukumbuka kama kipo. Kama kuna neno ambalo mkalimani hakulijua, lilikuwa hilo. Angeweza kukataa, akasema sheria za ligi hazikitaji. Katibu alikuwa anamtazama, na shemeji pia.

"Kiko kwenye orodha," alijibu. "Cheza."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama nyuma, akaziba mdomo. Mama Bata alidhani anamhurumia. Kumbe anazuia kicheko.

Skrini ikawa nyeusi, kisha ikawa nyeupe. Theluji ikaanza kushuka, laini, pande zote za uwanja. Wachezaji wakaingia wakitoa moshi mdomoni. Mpira ukapigwa, ukapokewa, ukapigwa tena. Kijana akakimbia nao kushoto, akakata kulia, akageuka ghafla kana kwamba anataka kuitega mashine yenyewe, nayo ikamfuata kila alikokwenda. Dakika zikapita. Hakuna kilichokwama.

Mteja wa kinyozi, ambaye sasa alikuwa amemalizwa kunyolewa, alisogea karibu na sikio la Mama Bata. "Hiyo niliiweka mashine zote, mama. Nilikuwa nawaonyesha watu."

Mama Bata aliketi chini, pale pale sakafuni, akavua miwani. Wanaomjua wanasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi wakati wateja wapo.

Pambano lilimalizika kwa sare. Kijana wa ng'ambo aliweka pedi mezani, akajikuna kisogo. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema kwa wenzake. "Gemu linakwenda."

"Linaogelea?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Linakwenda, nimesema."

Katibu hakungoja kikao. Aliwauliza wajumbe wenzake palepale, mbele ya watu, kama kuna mwenye pingamizi ligi ikikaa Kwa Bata hadi mwisho wa msimu. Hakuna aliyeinua mkono. Kelele zilizofuata zilimtoa mwenye duka dukani kwake mara ya pili siku hiyo.

Shemeji alibaki mlangoni hadi watu walipoanza kupungua. "Nimeahidi mbele ya mama," alisema hatimaye. "Chumba ni chako, shemeji. Ila na mimi nina swali. Ile theluji, mtu anaipataje?"

Mama mkwe alimsogezea kiti. "Kaa, nikuonyeshe. Usikwatue ovyo lakini."

Msimu sasa uko katikati, na Kwa Bata hapapatikani kiti jioni za Jumamosi. Vijana wengine wawili wa ng'ambo wamejiunga na timu za ligi na huja mapema ili wasikose nafasi. Kipato, anasema mwenyewe bila kutaja kiasi, kimetoka kwenye kubahatisha na kuwa cha kutegemewa, na mumewe aliporudi safari ya mwisho alikuta mlango umepakwa rangi mpya.

Wale majirani wa Jumamosi ile nao hawakuondoka. Fundi cherehani ndiye aliyeanza kurudi, akidai anakuja kusaidia kupasha. Akafuata kinyozi. Sasa wanayo ligi yao ya asubuhi, yenye timu sita, na mama mkwe anatumikia adhabu ya kukosa mapambano mawili kwa utovu wa nidhamu. Amekata rufaa. Kamati ya rufaa ni shemeji, na mama mtu ameshamkumbusha ni nani aliyemzaa.

"Niliambiwa mashine hizi ni za kuuza kwa kilo," Mama Bata anasema akiifuta vumbi ile yenye utepe. "Na sisi watu wazima tuliambiwa gemu ni za watoto. Nani aliyetupima?"

Mpango wake unaofuata umeshaanza. Shule moja ya jirani ina chumba kilichofungwa, ndani yake kumerundikwa kompyuta kumi na nne ambazo hakuna anayezigusa. Mwalimu mkuu amemwomba akazitazame. Wamekubaliana kwamba zitakazofufuka wanafunzi watajifunzia, na siku ambazo hakuna masomo ligi itapata ukumbi wa pili. Anataka pia kufundisha wanawake wanne wa mtaani kuweka Linux na kumpasha mkalimani, ili siku akiumwa kazi isilale.

Kwenye mkoba wake mdogo tayari amepanga bisibisi, brashi ya vumbi na diski ya kuwekea mfumo. Anavaa viatu vya kutokea, anamkabidhi mama mkwe stuli, anavuta zipu.

"Mwalimu anasema zimekufa zote," anasema akiwa ameshatoka kibarazani. "Mimi nitaziwasha kwanza. Huwa zinasingiziwa mno."